Mama ana vikope, kope zinamchoma macho, lakini anaogopa upasuaji. Naombeni ushauri

MwanaMlali:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Mimi nafanya kazi Dodoma mjini. Mama yuko kijijini wilaya ya Kongwa, ana miaka 63. Kope za juu zimegeukia ndani, akipepesa tu zinamkwaruza. Miaka yote sisi wanawe ndio tunamng'oa kwa kibano, yeye kalala kwenye mkeka pale mlangoni penye mwanga. Kazi hiyo niliianza nikiwa darasa la nne. Anapata nafuu wiki mbili tatu, kisha zinaota tena, fupi na ngumu, na hizo ndizo zinamliza kweli.

Mwezi uliopita mtaalamu wa macho alipita zahanati, akasema macho yote mawili yanahitaji upasuaji na hatutalipa chochote. Mama kakataa. Jirani yetu alifanyiwa miaka ya nyuma, kope zikarudi, na jicho moja halioni mpaka leo. Mama anasema bora abaki na hiki kidogo alichonacho, tena anataka avune alizeti kwanza. Jicho la kushoto lina ukungu mweupe. Juzi nimemkuta anapapasa kutafuta mwiko ulioko mbele yake, nikatoka nje nikalia. Nimlazimishe? Au tuendelee tu na kibano?

NyumbaYaTembe:
Pole sana ndugu yangu. Usimlazimishe, ila usimwache. Nenda kwa huyo jirani ukamuulize vizuri: siku anapasuliwa, lile jicho lilikuwa bado linaona? Bibi yangu kule Mpwapwa alikwenda jicho likiwa limeshakuwa jeupe. Maumivu yaliisha, kuona hakukurudi. Watu wakasema kapofushwa na kisu, wakati upofu alikwenda nao.

TabibuMacho:
Nimefanya kazi hii kanda ya kati kwa muda, naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Vikope, yaani trakoma, huletwa na bakteria. Mtoto anaambukizwa, anapona, anaambukizwa tena, mara nyingi sana. Kila mara ngozi ya ndani ya kope la juu inabaki na kovu, na kovu linavuta kope zigeukie ndani. Ndiyo maana mama anaumwa leo kwa ugonjwa alioupata utotoni, pengine na mwingine alioupata akiwalea ninyi. Wanawake wanaugua kuliko wanaume kwa sababu wao ndio wanaobeba watoto na kuwafuta makamasi.

Upasuaji haugusi mboni. Tunachoma ganzi kwenye kope, tunalikata kwa ndani, tunaligeuza litazame nje, tunashona. Jicho moja ni kama nusu saa, na anarudi nyumbani siku hiyohiyo jicho likiwa limefungwa. Kesho yake anaonwa, na nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili.

Ni kweli kope zinaweza kurudi, simfichi mama yako. Inategemea ukubwa wa kovu na mkono wa aliyepasua. Utafiti wa Ethiopia ulionyesha kuwa kumeza azithromaisini (dawa ya kuua bakteria) baada ya upasuaji kunapunguza kurudi huko kwa takribani theluthi moja, kwa hiyo ulizia dawa hiyo. Zikirudi anaweza kupasuliwa tena.

Kibano kinasaidia pale kope zilizogeuka ni chache na anayeng'oa amefundishwa. Kope ikikatikia njiani, kile kisiki ndicho kinachochimba kioo cha jicho. Huo ukungu ni kidonda kilichoacha kovu, na kovu hilo upasuaji wa kope hauliondoi. Unazuia lisiongezeke. Hesabu yangu ni hiyo tu: kila wiki ya kungoja alizeti inalipwa kwa jicho. Apimwe pia mtoto wa jicho, kwa umri wake inawezekana vyote viwili vipo.

Chipukizi_Bahi:
Kwetu tunakamulia maji ya majani fulani, kope zinalainika. Jaribuni kabla ya kisu.

NesiMstaafu:
Mwanangu, hapana. Jicho lenye mkwaruzo ukilitia maji ya majani unalitia uchafu penye kidonda, na nimeona macho yakitoboka kwa hilo. Hata matone ya duka la dawa msinunue bila kupimwa, mengine yana steroidi, dawa isiyo salama kwa jicho lenye kidonda.

MwanaMlali, hapo nyumbani kuna wajukuu?

MwanaMlali:
Wapo watatu, mdogo ana miaka miwili. Macho yana tongo kila asubuhi, na zizi liko jirani na jiko.

NesiMstaafu:
Basi una wagonjwa wengine na hujawahesabu. Inzi wanaofuata tongo huhamisha ugonjwa, nao huzaliana kwenye kinyesi cha watu kilicho wazi, kwa hiyo choo kwanza, tena kifunikwe. Weka kibuyu chirizi cha kunawia mlangoni, waoshwe uso asubuhi na jioni. Najua maji Kongwa ni ya kubeba kichwani, lakini uso wa mtoto hautaki ndoo, kikombe kinatosha. Miaka ya 1990 utafiti ulifanyika vijiji 6 vya hukohuko Kongwa: watoto ambao nyuso zao zilidumu safi walipata vikope vikali kwa uchache kuliko wenzao. Kila mmoja awe na kitambaa chake, kanga ya bibi isifute watoto wote. Na kingatiba, yaani dawa ya vikope inayogawiwa kijiji kizima, ikipita kijijini wameze wote, hata wasioumwa.

MwanaMlali:
Asanteni mno. Nimerudi kijijini jana. Jirani kakubali mwenyewe kwamba alikwenda akiwa haoni jicho lile, na akamwambia mama hivyo mbele yangu. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza nani atavuna. Nimechukua likizo, nitavuna mimi na mdogo wangu. Tunaenda Alhamisi, jicho la kushoto kwanza. Tabibu, baada ya hapo anaweza kukaa jikoni penye moshi?

TabibuMacho:
Wiki mbili asikae penye moshi wala vumbi, wala asilisugue jicho. Wakwe na wajukuu wapike. Nyuzi zikitolewa nijulishe kope zimekaaje.