Kigoma–Dar kwa ndege: tupeane uzoefu wa muda halisi

Wakuu, habari za jioni. Swali la Kigoma hadi Dar ni masaa mangapi haliishi, basi tuliweke hapa. Kwa mstari ulionyooka, uwanja wa Kigoma hadi Julius Nyerere ni kama kilomita 1,080. Reli inapita 1,200. Dash 8-Q400, zile za pangaboi, zinakata kilomita 600 na ushee kwa saa, kwa hiyo ikienda moja kwa moja weka masaa mawili.

Ikitua Tabora mambo yanabadilika, na kilomita haziongezeki kabisa! Kigoma–Tabora ni 350 hivi, Tabora–Dar 730. Jumlisha uone: Tabora iko njiani. Kinacholiwa ni muda: kushuka, abiria na mizigo kupishana, halafu kupanda juu upya. Mimi huongeza saa nzima. Nyie je?

Mwana Ipuli: Kweli mkuu. Ila sisi wa Tabora, kabla hujalipia uliza ndege inapita kwetu ikienda Kigoma au ikirudi. Niliwahi kupanda hapa naelekea Dar, ikaanza Kigoma kwanza! Safari ya kilomita 730 ikawa 1,400. Nilikaa dirishani nikaona kinamasi cha Malagarasi, maji na matete hadi macho yanachoka. Pazuri mno, lakini kama una kikao Dar saa nane, hilo halikusaidii.

Mama Katubuka: Mimi nilimpeleka mama mkwe Muhimbili. Kwa hali yake, basi au treni tusingethubutu. Angani hakusumbuka hata kidogo, kazi ilikuwa kupanda. Ngazi za ile ndege ni nyembamba, kiti cha magurudumu kinaishia chini. Vijana wawili wa uwanjani walimbeba, mmoja mbele mmoja nyuma, mwenzao kashika kandambili zake. Mungu awabariki wale watoto. Mwenye mgonjwa aseme mapema wakati wa kukata tiketi, aombe kiti cha karibu na mlango, na awahi uwanjani. Halafu jiandaeni na foleni ya Barabara ya Nyerere, tulitua jioni tukafika Upanga usiku.

Mwana Ipuli: Pole sana dada. Mama anaendeleaje?

Mama Katubuka: Asante kaka, anatembea mwenyewe sasa.

Mvuvi wa Kibirizi: Dagaa wakavu fungeni kwenye boksi, gundi ya kutosha, ndani mfuko wa nailoni mara mbili. Mawese pelekeni kwa treni.

Mgeni: Naunganisha Dar kwenda Mtwara siku hiyohiyo. Nikiacha masaa mawili katikati yanatosha?

Mleta mada: Kama inapita Tabora hayatoshi, ndugu yangu. Ikichelewa kidogo tu huku, kule umeachwa. Acha manne, na ukiweza safari zote mbili ziwe kwenye tiketi moja, ili ukichelewa wakutafutie nyingine wao.