Binti wa miaka 4 ana Down, michezo gani itamsaidia kuruka na kukimbia? Naombeni ushauri

Mama_Nasra:
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 4, ana sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji), kutembea alianza akiwa na miaka miwili na nusu hivi na moyo ulishapimwa wakasema hauna shida. Sasa hawezi kuruka, anakunja magoti anajikaza lakini miguu haiachi chini, akikimbia anatanua miguu, ngazi anapanda kwa kutambaa. Fizio (wataalamu wa mazoezi ya viungo hospitali) walitupa mazoezi ya nyumbani lakini ukimwambia tu njoo tufanye mazoezi analegea mwili mzima anakaa chini, hapo ndo basi tena. Bibi yake anasema nisimchoshe mtoto. Na chekechea wameanza samasoti, mwalimu ananiuliza na yeye ashiriki? Nataka acheze na wenzie jamani, sio awe wa kukaa barazani kuwaangalia. Mliopitia hili mlikuwa mnacheza nini na watoto?

Fizio_Mkoani:
Dada samasoti HAPANA, mwambie mwalimu mapema. Watoto wa Down kano zao zinazoshika viungo zimelegea, na kwa baadhi yao mfupa wa kwanza na wa pili wa shingo inaweza kuachana kidogo ikabana neva kubwa inayopita pale. Kwa hiyo kubingirika kichwa chini, kusimama kwa kichwa, kuvutwa shingo, hivyo viondoe kabisa. Trampolini pia, chini ya miaka 6 asipande. Michezo mingine ya kawaida ruksa maadam moyo uko sawa. Wala hajachelewa kupita kiasi, wengi wao wanatembea kwenye miaka 2, wengine 3 au zaidi, na kuruka kunakuja baadaye sana kwa sababu kunataka nguvu ya mapaja na tumbo na balansi kwa mpigo, na misuli yao ni laini toka kuzaliwa.

Baba_Wawili:
Wangu ana 9 sasa, neno mazoezi tulilifuta nyumbani. Ukuti ukuti ndo ilimjenga miguu, mnazunguka mmeshikana mikono halafu wote mnachuchumaa mnainuka, mtoto anachuchumaa mara kibao bila kujua kama ni kazi. Kuruka tulianzia juu kushuka chini sio chini kwenda juu, unamsimamisha kwenye tofali moja lililolala unamshika mikono yote miwili anashuka kwa kuruka, akizoea unamshika mkono mmoja, halafu unaachia, hapo ndo unahamia chini tambarare. Mapovu ya sabuni nayo, unayapuliza juu kidogo ya kichwa chake ayapasue, atajinyoosha kwa vidole vya miguu mwenyewe. Ngazi niliweka mdoli anaoupenda juu kila ngazi moja, sio juu kabisa maana akiona mbali anakata tamaa.

Kijana_wa_Pwani:
Hakuna dawa ya kukaza misuli? Naona mnamtesa mtoto.

Fizio_Mkoani:
Hakuna mdogo wangu, misuli hiyo inapata nguvu kwa kutumika tu. Bibi naye ana hoja yake, wanachoka haraka kweli, so cheza dakika 5 au 10 pumzika rudi tena, usisubiri mpaka anune.

Ticha_Awali:
Nafundisha awali, nimekuwa nao darasani. MUONYESHE, usimwelekeze kwa mdomo. Hawa watoto wanashika kwa macho kuliko kwa masikio na wengine usikivu hafifu, ukisema "nenda pale okota mpira leta" umempoteza. Fanya wewe, halafu nyamaza umsubiri, wanahitaji muda na sisi wazazi na walimu hatuna subira tunamuwahi. Na kaa ukijua kutulia chini mara nyingi ni njia yake ya kusema ngumu, punguza kidogo usimburuze. Rede mimi nawachezesha na mpira wa soksi, mrushaji anasogea karibu, anarusha taratibu, watoto wenzie wanaelewa fasta kuliko watu wazima. Tairi la pikipiki la kusukuma kwa mikono pia zuri sana, linamfanya aende mbele na mwili umenyooka.

Baba_Wawili:
Naongezea, ulizia Special Olympics (shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili) wana programu ya Young Athletes ya watoto wa miaka 2 hadi 7, ni michezo tupu, kurusha, kupiga teke, kutembea juu ya mstari, na wasio na ulemavu wanacheza nao pamoja.

Mama_Nasra:
Asanteni sanaaa, ya tofali naanza leo jioni. Mwalimu nitamwambia samasoti asimuingize ila abaki uwanjani, wakati wenzie wanapiga samasoti yeye apewe tairi. Swali la mwisho, pekupeku au viatu? Na hiyo shingo nitajuaje kama ina shida?

Fizio_Mkoani:
Mchangani pekupeku safi, nyayo zao bapa zinafanya kazi. Safari ndefu viatu vyenye kisigino kigumu, sio ndala. Shingo, angalia hivi: akianza kulalamika inauma au kuiweka upande, mwendo ukabadilika ghafla, mikono ikaishiwa nguvu, au alikuwa hajikojolei sasa anajikojolea, michezo simamisha na hospitali siku hiyo hiyo usingoje kliniki.