Wale wa ndege za mabomu vita vya pili, makoti yote yale ya nini?

Mtoto wa Wete: Jamani mie huziangalia picha zao, majaketi ya ngozi ya kondoo manyoya ndani, mabuti, glavu, kwani ilikuwa fasheni? Mie hapa na fulana tu jasho lanitoka.

Darajani: Fasheni gani yakhe 😂 B-17, ile ndege ya mabomu ya Wamarekani, ikiruka futi 25,000, wapiga bunduki wa ubavuni dirisha li wazi upepo waingia tu, baridi yafika -40 na kushuka, ukishika chuma mkono mtupu ngozi inabaki pale pale. Ndo maana ndani wakavaa glavu nyembamba za hariri, bunduki ikikwama wavua ile nene wanabaki na hariri. Baadae Wamarekani wakaleta suti ya umeme, unachomeka waya kwenye ndege, sasa ikiharibika huko juu vidole ndo basi tena.

Bi Mkasi: Na skafu za hariri sio urembo, rubani ageuza shingo kila saa kumtafuta adui, kola inamchubua.

Kojani: Mie nayapenda mabuti ya Waingereza ya 1943, yana kisu kidogo ndani, ukiangukia nchi ya adui unakata ile sehemu ya juu, kinachobaki kiatu cheusi cha mtaani.

Mtoto wa Wete: Lo! Na parachuti walivaa wapi juu ya mizigo yote hiyo?

Darajani: Wengi walivaa mikanda yake tu, lenyewe limewekwa pembeni, la kupachika kifuani. Ndege ikishika moto ulitafute kwanza.