Naomba ushauri: mgeni wa Kijapani na shikamoo ya mama mkwe

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mgeni wetu kutoka Japani, aliyekuja hapa Mikindani kikazi, alipofikishwa barazani kwa mama mkwe aliinama, mikono ameinyoosha ubavuni kama ilivyo desturi ya kwao, naye mama, aliyekwisha kutoa mkono akisubiri shikamoo, akabaki ameuning'iniza hewani. Baadaye mgeni alimkabidhi kadi yake ya kazi kwa mikono miwili, jambo lililompendeza mama (ingawa hakujua ni ya nini), lakini ile salamu bado inamkera. Mgeni atarudi Ijumaa kula nasi wali wa nazi. Je, nimfundishe yeye shikamoo, au nimweleze mama kwamba kuinama kule ndiko kuamkia kwenyewe, bila yeye kuona kuwa namfunza adabu?