Nyumba ya Fuoni milioni 48: nimlipe wakili na mpima, au tumalizane kwa sheha?

BintWete

Assalaam aleikum wenzangu. Naomba ushauri, na naomba mnisome mpaka mwisho, maana fedha yenyewe nimeitafuta kwa jasho.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Wanangu wawili wako chuo kikuu cha SUZA, Tunguu, na wa tatu, Mungu akipenda, atawafuata mwakani. Sasa wamepanga vyumba viwili Fuoni, Unguja, na kila mwezi nikituma kodi moyo unaniuma. Kwa hiyo nimeweka kando fedha ya karafuu za shamba la marehemu baba, misimu minne, tulizochuma na kuanika wenyewe, mimi na mama tukichambua makonyo mpaka saa sita za usiku. Nikatia na upatu wa walimu wenzangu. Jumla imefika milioni 50 kasoro kidogo.

Nyumba nimeipata. Vyumba vitatu na ukumbi, imeezekwa bati, uwani kuna kisima. Wanataka milioni 48. Anayeuza ni mtoto mkubwa wa marehemu mwenye nyumba, mtu wa kama miaka 40. Anasema mama yao yupo na amekubali, na ndugu wote wamekubali: wanaume wawili akiwemo yeye, wanawake watatu, mmoja kati yao kaolewa Maskati.

Alinionesha karatasi. Ni ukurasa wa daftari la mistari, umekunjwa mara nne hata mikunjo imekuwa myeusi. Umeandikwa kwa kalamu ya buluu kwamba baba yao alinunua kiwanja mwaka 1998. Chini kuna majina ya mashahidi wawili, dole gumba la muuzaji, na mhuri wa sheha (kiongozi wa mtaa) wa wakati ule. Mpaka wa upande wa nyuma umeandikwa "kutoka kwenye mnazi mpaka njiani". Mnazi wenyewe haupo. Nilizunguka uwani nikautafuta, sikuona hata kisiki.

Dalali anataka asilimia 5 kwangu, yaani milioni 2 na laki 4, na ameniambia nisijisumbue na wakili kwa sababu yeye anasimamia kila kitu. Mpwa wangu aliyeko mjini kamuuliza wakili, katajiwa laki 6, na mpima ardhi laki 3 na nusu. Nikizijumlisha zote na bei ya nyumba, nimeshapita nilichonacho. Ami yangu anasema wazee wetu wameuziana nyumba miaka yote mbele ya sheha na majirani, na mambo yakaenda.

Sasa nauliza: katika hawa, nani namhitaji kweli na nani naweza kumuacha? Muuzaji anataka arubuni, yaani malipo ya awali, ya milioni 5 kabla ya Ijumaa.

Baba wa Mkoani

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nimenunua viwanja viwili na nyumba moja, vyote hapa hapa Pemba, na sijakanyaga ofisi ya wakili. Nilimwita sheha, nikawaita majirani wa pande zote nne, tukakaa barazani na kahawa, kila mmoja akasema mpaka wake unaishia wapi, tukaandikiana. Hapakutokea neno mpaka leo.

Lakini wale walioniuzia nimekua nao. Nawajua wake zao, nawajua watoto wao, na waliokufa kwao niliwazika mimi. Huyo kijana wa Fuoni unamjua hivyo? Kama humjui, usinifuate mimi.

Kwarara2016

Dada, hiyo arubuni usiitoe Ijumaa. Nakuomba.

Nilinunua banda Kwarara mwaka 2016, milioni 17, limefika kwenye linta. Karatasi ilikuwa kama yako, sheha alikuwepo, mashahidi walikuwepo, dalali alichukua chake. Nikapaua, nikapiga plasta, nikahamia na mke wangu na watoto. Mwaka wa tatu, baada ya Alasiri, akaja mwanamke na binti yake, wakakaa barazani kwa adabu kabisa. Mke wangu akawapa maji. Yule mama akasema, "Baba, samahani, nyumba hii na mimi nina haki yangu ndani." Akatoa bahasha, ndani yake cheti chake cha kuzaliwa. Alikuwa mtoto wa marehemu kwa mke wa kwanza, kalelewa Donge kwa bibi yake. Wale ndugu walioniuzia hawakumtaja hata siku moja.

Tulifika Mahakama ya Ardhi. Mwaka mmoja na nusu wa tarehe, nenda rudi, kazini naomba ruhusa mpaka naona haya. Mwisho tukapatana nje, nikamlipa milioni 3 na laki 2, fedha ambayo nilikwisha kuwalipa ndugu zake. Simlaumu yule mama, haki ilikuwa yake. Dalali nilipompigia aliniambia kazi yake iliisha siku tuliyopeana mikono. Na kweli, kwa upande wake ndivyo ilivyokuwa.

Hapo ndipo nataka utazame. Dalali hupata chake nyumba ikiuzika. Isipouzika, siku zote alizotembea zimekwenda bure. Hata akiwa mtu mwema, si yeye wa kukwambia "hii iache". Wakili unayemlipa wewe mwenyewe anapata laki zake hata akikwambia usinunue.

Tena hapa kwetu Zanzibar ardhi yote ni ya umma, Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992 inasema hivyo. Unachouziwa ni jengo na haki ya kuitumia ile ardhi. Karatasi ya sheha ni ushahidi kwamba watu fulani waliuziana siku fulani, lakini haikuandikishi wewe Serikalini. Uhaulishaji, yaani kuihamisha haki hiyo kwa mwenye mpya, una bodi yake, tangu Sheria Namba 8 ya 1994, na maombi hupita huko. Kazi ya wakili ndiyo hiyo: kwenda Kamisheni ya Ardhi kuangalia kama pana jina, na la nani, na kulipeleka ombi lako likiwa limekamilika. Muulize pia kama sehemu hiyo ilikuwa eka tatu. Zile zilitolewa baada ya Mapinduzi ili zilimwe, na huku pembezoni mwa mji ziko zilizokatwa viwanja na kuuzwa mkono kwa mkono mpaka aliyegaiwa mwanzo hajulikani.

Na warithi, piga hesabu mwenyewe. Ikiwa wazazi wa marehemu hawako hai, mjane anachukua thumuni, sehemu moja ya nane: katika milioni 48 ni milioni 6. Zinabaki 42. Wanaume wawili kila mmoja mafungu mawili, wanawake watatu kila mmoja fungu moja, jumla mafungu saba, na kila fungu ni milioni 6. Huyo kaka anayekuuzia ana milioni 12 tu ndani ya nyumba ile. Dada wa Maskati ana 6 zake, na kaka hana uwezo wa kuziuza kwa kusema tu kwamba amekubali. Dada atoe uwakala wa maandishi, uthibitishwe ubalozini. Sauti ya WhatsApp haitakusaidia mbele ya hakimu, mimi nilikuwa nazo.

Waulize kama mirathi imefunguliwa, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au kwa Kadhi. Huko warithi hutajwa kwa majina, mmoja mmoja. Mimi ningeuliza swali hilo moja tu, ningemjua yule mama wa Donge kabla sijatoa senti.

Dalali Mwanakwerekwe

Mimi ni dalali, mwaka wa kumi na moja sasa, na kaka wa Kwarara sitambishia. Ila dada, usidhani dalali anakula bure. Kwa nyumba moja inayouzika natembeza watu kumi juani, na nauli ni yangu. Wewe uko Wete, nani angekwambia kuna nyumba Fuoni? Na bei naijua mimi kuliko wakili, kwa sababu najua ya jirani iliuzwa ngapi.

Lakini dalali anayekwambia usiende kwa wakili amejipa kazi isiyokuwa yake. Mwambie hivi: nusu ya ujira wako siku ya kuandikiana, nusu uhaulishaji ukikamilika. Anayejiamini atakubali. Mimi hukubali.

Kuna mtu mmoja hamjamtaja, na ndiye wa bei rahisi kuliko wote: fundi. Umchague mwenyewe, asiwe anayejuana na muuzaji, na usikubali atakayeletwa na dalali hata ningekuwa mimi. Nyumba nyingi zimepakwa rangi mpya ili ziuzike. Aje na msumari wa inchi nne, akwaruze ukuta chini, karibu na sakafu, nyuma ya mlango. Ukimwagika mchanga kama sukari, saruji ilikuwa kidogo. Ukiona unga mweupe wenye ladha ya chumvi, huenda walitumia mchanga wa pwani, na rangi haitakaa hapo hata upake kila Ramadhani. Na waulize majirani, wakati wa masika maji yanatuama wapi. Swali hilo nyumba ikiwa kavu mtu hulisahau.

BintWete

Nimerudi baada ya wiki tatu. Mungu awalipe kheri nyote, na wewe kaka wa Kwarara hasa, maana Alhamisi ile fedha nilikwisha kuitoa benki.

Arubuni sikutoa. Nilimwambia muuzaji nitatoa mbele ya wakili. Alinuna, akasema kuna mtu wa Mombasa anaitaka hata leo. Nikamwambia kama ni riziki yake na aichukue. Huyo mtu hakutokea mpaka leo. Dalali naye nilimpa maneno ya nusu kwa nusu, akanyamaza kidogo, kisha akakubali.

Fundi nilimchukua Jang'ombe, ni jamaa wa mwalimu mwenzangu, nikampa elfu 40. Ukumbi na vyumba viwili ukuta mzima. Chumba cha nyuma alipokwaruza ulimwagika mchanga mpaka kukawa na kichuguu kidogo sakafuni, na akaniambia nionje. Chumvi tupu. Muuzaji alikuwa amesimama pale pale, hakuwa na la kusema. Tumeshuka mpaka milioni 45, kwa hiyo wakili na mpima wameshajilipa wenyewe.

Siku ya mpima niliwaita majirani wote, kama alivyofanya Baba wa Mkoani. Tulikuwa tumekwama kwenye ule mnazi. Akatokea bibi mmoja wa nyumba ya nyuma, anatembea kwa mkongojo, akauliza mnatafuta nini. Alipoambiwa, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye pembe ya banda la kuku, akagonga chini kwa mkongojo wake: "Hapa. Ulipigwa na radi, marehemu mume wangu ndiye aliyeukata." Wakachimba, na mizizi ipo. Mpima akavuta utepe kutoka pale mpaka njiani, na kisima kikaangukia upande wa bibi, mita moja na kitu. Muuzaji mwenyewe alishangaa, kakua akiteka maji pale. Bibi akasema yeye hana nia ya kumnyima mtu maji, na wakili ataliandika hilo kwenye mkataba, kuwa tutaendelea kuteka sisi na watakaotufuata. Nilitaka kumbusu mkono.

Mirathi ilikuwa haijafunguliwa. Sasa wameifungua, na dada wa Maskati anashughulikia uwakala.

Lakini jambo lililonikosesha usingizi si lolote katika hayo. Siku ya pili niliomba kukaa na mama yao peke yangu. Nilimkuta chumba cha nyuma, kile chenye chumvi, anasuka ukili. Nikamuuliza, mama, nyumba umekubali iuzwe? Akasema, "Nimekubali, wanangu wanataka haki yao." Akasuka kidogo. Kisha akaniuliza mimi, mgeni: "Wewe mwalimu, hawajakwambia mimi nakwenda kukaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Wakili hakulitaja, dalali hakulitaja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepima vyumba vya wanangu bila kuuliza nani analala humo. Nimemwambia muuzaji sitii saini mpaka ndugu wote wakae waseme mama anakwenda kwa nani, na nataka nilisikie kwa mdomo wa mama mwenyewe. Wamekubali kukutana Jumapili, wa Maskati atakuwa kwenye simu. Napanda boti ya Jumamosi.