Harar kwa siku moja ukitokea Dire Dawa, inawezekana?

Mtembezi_wa_Bara: Wakuu, habari. Jumamosi niko Dire Dawa, Ethiopia, sina kazi. Nataka nipande Harar, nizunguke Jugol, mji wa kale ulio ndani ya ukuta, nione fisi wakilishwa, nirudi usiku huohuo. Nianze saa ngapi?

Konda_Mstaafu: Mkuu, Harar kwa siku moja unaiweza, ila fisi na kurudi usiku huohuo havipatani. Hulishwa giza likishaingia, nje ya ukuta, na vipanya vya Dire Dawa hukatika jioni. Ama ulale Harar, ama ukodi gari likusubiri, na bei mpatane asubuhi, siyo gizani.

Njia ni kama kilomita 50, kona tupu, unapanda mpaka mita 1,885. Vipanya huondoka vikijaa, kwa hiyo uwe stendi saa moja asubuhi. Saa zao ni kama zetu: wakisema saa tatu ni saa tatu yetu, usijumlishe kitu. Tarehe ndiyo ya kuangalia, kalenda yao iko nyuma miaka saba au minane.

Usishuke Awaday. Ule umati na mafurushi ni soko la mirungi, Harar bado iko mbele.

Bi_Ramani: Ingia kwa miguu kwenye Lango la Shoa, siyo kwa bajaji. Lango linalopitisha magari ni la sita, lilitobolewa baadaye. Yale matano ndiyo ya zamani. Ukuta ni wa Amiri Nur, karne ya 16, kimo kama mita 4. Angalia chini: vile vitundu ni njia za fisi, "waraba nudul". Waraba ndiye fisi.

Kutoka uwanja wa Feres Magala shuka Makina Girgir, kichochoro cha mafundi cherehani. Wamepanga mashine nje pande zote mbili, na jina lenyewe ni mlio wake. Ukipotea (utapotea), fuata mteremko mpaka ukutani, kisha ambaa na ukuta hadi lango.

Usikose nyumba ya Kiharari, gey gar. Vua viatu mlangoni. Sebule ina mabaraza ya vimo mbalimbali, sakafu nyekundu, vikapu vimejaa ukutani. Usijikalie tu: kila baraza lina hadhi yake, ngoja uonyeshwe. Ile inayoitwa nyumba ya Rimbaud, yule mshairi Mfaransa, nenda kwa ajili ya picha za kale. Mshairi alikuwa Harar miaka ya 1880, lakini humo hakuishi.

Maliza haya kabla ya saa sita. Mchana makumbusho hufungwa kwa chakula, na alasiri mji mzima unatafuna mirungi.

Konda_Mstaafu: Na kama unarudi Tanzania, hata jani moja lisibaki mfukoni. Kwetu mirungi ni dawa ya kulevya kisheria.

Mtembezi_wa_Bara: Basi nalala Harar. Koti?

Bi_Ramani: Beba. Na viatu visivyoteleza, mawe ya vichochoroni yamelainika.