Mrejesho: usaili wa mafunzo kwa vitendo, Tanga

Wakuu, niliomba ushauri wa kujiandaa na usaili wa mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni moja ya uhandisi hapa Tanga. Asanteni sana. Aliyesema nisome habari za bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, ubarikiwe: waliuliza kwa nini ni la kupashwa joto. Nikajibu mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, na njia yenyewe ni kilomita 1,443. Wakatazamana. Ila kukariri jibu la swali la "jieleze" hakukunifaa. Walinikatiza mapema, wakataka nichore pampu. Hapo nilibabaika, jamani. Nafasi nimepata, lakini haina posho, hivyo nauli ya daladala kutoka Pongwe ni juu yangu. Naanza Jumatatu.